Chupa za shampeni zinazobaki Bagamoyo

Ukiiweka chupa ya shampeni kwenye mzani ikiwa imeshanywewa yote inasoma kama gramu 835, na mvinyo uliokuwemo ulikuwa mililita 750, ambao nao ukiupima ni gramu mia saba hamsini hivi. Maana yake chombo ni kizito kuliko kinywaji. Mi ni mtu wa stoo kwenye hoteli moja hapa Bagamoyo, pombe sijawahi kuitia mdomoni, ila katoni tunabeba mimi na kijana mwenzangu, kwa hiyo hii hesabu mgongo uliijua zamani kabla macho hayajaisoma popote. Katoni ya chupa sita inakaribia kilo kumi na zaidi ya nusu yake ni kioo.

Kwenye hii mada nimeingizwa na bosi. Wageni wetu wa wikendi wengi wanatoka Dar, kuna harusi, kuna semina, kuna Wazungu wanaokuja kuangalia magofu ya Kaole na Mji Mkongwe wa hapahapa, na siku hizi wapo wanaouliza kama shampeni mnayouza ni ile rafiki wa mazingira. Bosi akaniambia bwana stoo, hebu chunguza ipi ni ipi tuweke kajani kadogo kwenye menyu pembeni ya jina. Nikasema sawa. Wauzaji nao wakaanza kunitumia vipeperushi, aisee, kila kampuni ina nyuki, kila kampuni ina farasi analima shamba, kila kampuni ina sola juu ya bati, ukimaliza kusoma unabaki unajiuliza kama mvua yenyewe hainyeshi kwa hisani yao. Nikaona bora nianze na kile ninachokishika kila siku, chupa, halafu ndo niende kwenye hao nyuki.

Lakini tumalizane na mapovu kwanza maana watu wakisikia gesi wanajua hapo ndo penye uchafuzi. Shampeni inatengenezwa hivi kwa kifupi. Zabibu zinakamuliwa, juisi inachachuka kwenye matangi inakuwa mvinyo wa kawaida usio na mapovu yoyote, halafu unatiwa kwenye chupa pamoja na hamira na sukari kama gramu 24 kwa lita, chupa inafungwa na kulazwa huko chini kwenye mahandaki waliyochimba kwenye miamba ya chokaa. Humo ndani hamira inakula sukari na gesi inakosa pa kutokea. Kisheria haitakiwi kuuzwa kabla ya miezi 15, na ile inayoandikwa mwaka wa mavuno inakaa miaka 3 kwenda juu. Baadaye chupa zinageuzwa kidogo kidogo kichwa chini mpaka mashapo ya hamira yashukie shingoni, shingo inagandishwa kwa baridi kali, wanafungua, bonge la barafu lenye mashapo linaruka lenyewe kwa presha, wanajazia kidogo, wanapiga kizibo kile kinene na waya. Basi. Sasa piga hesabu, gramu 24 za sukari zikichachuka zinatoa kama gramu 12 za kaboni dayoksaidi kwa lita, kwa hiyo kwenye chupa moja unaongelea gramu 9. Tisa! Na hiyo sukari ni mmea uliivuta kaboni yake hewani juzijuzi tu. Mchachuko wa kwanza wa kwenye matangi ndo unatoa nyingi, zaidi ya gramu 80 kwa kila lita, na kwa kawaida inaachwa iende zake, ingawa mitambo ya kuinasa na kuitumia tena ipo. Hata hivyo ukilinganisha na moto uliotumika kupika ile chupa, mapovu ni kama hayapo.

Chupa inakuwa nene kwa sababu hizo gramu 9 zimebanwa mahali padogo mno. Presha ya ndani inafika angahewa 5 mpaka 6, karibu mara tatu ya upepo wa tairi la gari dogo. Ndo maana kitako kimebonyezwa kwenda ndani na mabega yamejaa. Zamani kabla hawajaijulia chupa zilikuwa zinapasuka hukohuko kwenye mahandaki, moja ikilipuka inaamsha na jirani zake. Waliotoa kioo kigumu ni Waingereza, na hapa pana kichekesho kidogo: mwaka 1615 mfalme wao alipiga marufuku viwanda vya vioo kuchoma kuni kwa sababu alitaka miti ya kujengea meli, wakahamia makaa ya mawe, moto ukawa mkali zaidi na chupa zikatoka imara. Mwaka 1662 Mwingereza mmoja anaitwa Christopher Merret akaeleza mbele ya wasomi wenzake London jinsi wafanyabiashara wa mvinyo wanavyoongeza sukari ili kinywaji kichangamke. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza haya mapovu yamekuwa yakitegemea makaa ya mawe, wala siyo nyuki.

Siku hizi tanuru la kioo linakwenda kama nyuzi 1,500, mara nyingi kwa gesi asilia, na likiwashwa halizimwi kwa miaka, usiku na mchana, sikukuu na msiba. Wanachoyeyusha ni mchanga, chokaa na magadi soda (magadi ndiyo, ukoo mmoja na haya ya kulainishia maharage, ila yao yamesafishwa). Chokaa na magadi vyenyewe vikiungua vinatoa kaboni yake mbali na ile ya moto. Dawa inayojulikana ni vioo chakavu, kwa sababu kioo kilichokwisha kuwa kioo kinayeyuka kirahisi na hakitoi ile kaboni ya mawe tena. Kila ukiongeza asilimia 10 ya vioo chakavu kwenye tanuru nishati inapungua kwa asilimia 2.5 hadi 3 hivi. Wengine wanabadilisha moto wenyewe, Verallia ambao ni watengenezaji wakubwa wa chupa Ulaya walizindua tanuru la umeme mtupu kwenye mji wa Cognac mwaka 2024, na Ufaransa umeme wao sehemu kubwa ni wa nyuklia kwa hiyo kwao hapo kuna nafuu ya kweli.

Sasa wenyewe Champagne, huko Ufaransa shampeni inakotoka, wamefanya nini. Niwape haki yao, hawa jamaa walianza kujipima kaboni wanayotoa mapema, mwaka 2003, kabla hii biashara ya majani kwenye menyu haijawa fasheni, na wakajiwekea kupunguza asilimia 75 ifikapo 2050. Kipimo kikawaonyesha kwamba chupa na vifungashio ni moja ya mafungu mazito kabisa. Mwaka 2010 umoja wao, Comité Champagne, ukashusha chupa ya kawaida kutoka gramu 900 kuja 835. Unaweza kucheka, gramu 65 si ni kipande cha sabuni tu, ila hawa watu mwaka 2023 waliuza chupa karibu milioni 300, kwa hiyo kama kila chupa ingeshuka hivyo ni tani 19,500 za kioo ambazo hazijapikwa, hazijapakiwa na hazijabebwa na mtu kama mimi. Baadaye nyumba moja (ndo wanavyoita kampuni ya shampeni) inaitwa Telmont ikashirikiana na haohao Verallia kushusha mpaka gramu 800, na bado chupa inahimili presha. Telmont wakaacha pia chupa nyeupe zinazoonyesha ndani, kwa sababu hizo haziwekwi vioo chakavu wakati ile ya kijani inachukua zaidi ya asilimia 80, wakaacha maboksi ya zawadi na wakaacha kusafirisha kwa ndege. Leonardo DiCaprio yule wa sinema ana hisa humo tangu 2022, na nakiri hilo jina ndo lilimfanya bosi asome ujumbe wangu mpaka mwisho.

Hapo kwenye maboksi ndo penye ugomvi wangu mimi. Boksi la zawadi halilindi chochote, chupa imeshavuka bahari ndani ya katoni, boksi kazi yake ni kuwekwa mezani kwenye harusi ili watu wa upande wa pili waone. Nimeshasimamia harusi nyingi hapa, MC anaita shampeni, chupa inaletwa ndani ya boksi, boksi linafunguliwa kwa madaha, picha, halafu ukumbi ukisafishwa maboksi ndo ya kwanza kuingia kwenye moto nyuma ya jiko. Na zile shampeni za bei mbaya kabisa, zenye maumbo yao maalum, nyingi bado chupa zake nzito kuliko ya kawaida, makusudi, kwa sababu mteja akiishika anataka asikie mkono umeshuka. Wanaopunguza kioo kwenye chupa ya bei rahisi na kukiacha kwenye chupa ya matajiri wanajua wanachofanya.

Njia nyingine ni kupunguza presha yenyewe, na hii sioni ikiongelewa sana. Ulaya kisheria mvinyo wa mapovu kamili ni kuanzia angahewa 3, lakini kuna wa kati wa mapovu madogo, kuanzia 1 mpaka 2.5, Waitaliano wanauita frizzante, na huo hauhitaji chupa nene kiasi hicho wala kile kizibo cha uyoga na waya. Halafu kuna suala la tangi. Prosecco, mvinyo wa mapovu wa Waitaliano, ile ya kawaida haichachuki mara ya pili kwenye chupa mojamoja, inachachuka kwenye tangi kubwa la chuma lenye presha, njia ambayo Mwitaliano Martinotti aliisajili mwaka 1895 na Mfaransa Charmat akaiboresha 1907. Tangi linakula umeme wa kupoza, ni kweli, ila haihitaji miaka mahandakini, wala kugeuza chupa, wala kugandisha shingo. Na kwa kuwa mapovu yameshatengenezewa kwenye tangi, kwa akili ya kawaida ungeweza kuyauza kwenye keg kama bia ya kuvuta, glasi kwa glasi, bila chupa kabisa. Wapi! Sheria ya jina lao inataka chupa ya kioo, Prosecco ikiuzwa kwenye kopo au ikivutwa kwenye bomba hairuhusiwi kuitwa Prosecco, na baa za Uingereza zilizojaribu kuivuta kwenye bomba zilionywa. Hapo ndo unaona mazingira yanafika mlangoni kwa jina la bidhaa na kuambiwa subiri nje. Mi baa yetu ningeipa keg kesho asubuhi, inarudi, inaoshwa, inajazwa tena, sawa na mapipa ya bia.

Shambani nitapita haraka maana mi siyo mkulima wa zabibu, ila mambo mawili matatu yamenikaa. Kuanzia miaka ya 1960 mpaka 1990 huko Champagne walikuwa wanamwaga takataka za jiji la Paris kwenye mashamba ya zabibu kama mbolea, taka za majumbani zilizosagwa, na mpaka leo ukitembea kwenye baadhi ya mistari unaokota vipande vya plastiki na vioo. Yaani kinywaji cha kifahari kuliko vyote kimekua juu ya dampo, na vipeperushi vyangu vyote havina hata picha moja ya hilo. Halafu mwaka 2018 waliahidi ikifika 2025 hakuna dawa ya kuua magugu kwenye eneo lote, na baadaye wakaanza kurudi nyuma, likawa jambo la hiari. Kwa upande wa mema, wameruhusu aina mpya ya mzabibu inaitwa Voltis inayohimili ukungu wenyewe, kwa hiyo upuliziaji unapungua sana, lakini mkulima haruhusiwi kuzidisha asilimia 5 ya shamba lake. Asilimia tano ni kama kusema jaribu ila usifanikiwe.

Na watu je? Champagne lazima zabibu zivunwe kwa mkono, sheria yao, kwa hiyo kila Septemba wanahitaji watu maelfu kwa maelfu. Mavuno ya 2023 yalikutana na joto kali, wavunaji kadhaa wakafariki, na mwaka huohuo wakakutwa wavunaji zaidi ya hamsini, wengi wahamiaji kutoka Afrika Magharibi, wamewekwa kwenye nyumba chafu isiyofaa mtu kulala. Kesi ilisikilizwa Châlons-en-Champagne na mwaka 2025 wahusika wakatiwa hatiani kwa usafirishaji haramu wa binadamu. Mi nikisoma neno endelevu kwenye lebo nauliza aliyekata kile kishada alilala wapi, na mpaka sasa hakuna muuzaji wa Dar aliyewahi kunijibu hilo swali, wananitumia tena picha ya farasi.

Hali ya hewa nayo inawabana wote, tusione wanafanya haya kwa huruma tu. Champagne wanavuna mapema kama wiki mbili unusu hivi kuliko walivyokuwa wanavuna miaka thelathini iliyopita. Hispania kwenye Cava, mvinyo wao wa mapovu, ukame uliwapiga mpaka kampuni ya Freixenet mwaka 2024 wakatangaza kuwasimamisha kazi kwa muda wafanyakazi 615 kwa sababu zabibu hazikutosha. Na Taittinger, wazee wa Champagne kabisa, wamepanda mizabibu Uingereza, Kent, tangu 2017, sehemu ambayo babu zao wangedhani ni mzaha.

Usafiri sasa, hapa Bagamoyo tuna neno. Chupa nzito ikipanda ndege uchafuzi wake kwa kilo ni mara nyingi sana kuliko ikija kwa meli, kwa hiyo swali la kwanza kumuuliza msambazaji ni huu mzigo umekuja na nini, na akikujibu imewahi kwa ajili ya mwaka mpya ujue ni ndege. Wafaransa wengine wamerudi kwenye tanga kabisa. Novemba 2020 meli ya tanga ya Grain de Sail ilitoka Saint-Malo ikapeleka mvinyo New York, ikaendelea kusini ikachukua kakao na kahawa kurudi nayo nyumbani. Mwaka 2024 ikaja Anemos, ya mita 81, nayo ya tanga, Le Havre mpaka New York. Nilimhadithia mzee mmoja nahodha pale ufukweni karibu na soko la samaki, nikamwonyesha na picha kwenye simu. Shikamoo mzee, tazama Wazungu wanabeba mizigo kwa upepo. Marahaba mwanangu, akaangalia weee, akasema na hizo nguzo za chuma zote hizo, wao upepo wao unalipiwa? Majahazi ya kwenda Unguja yalikuwa palepale nyuma yake yanasubiri maji yajae.

Tena shampeni kufika hapa siyo jambo la leo. Stanley alipokuwa anapanga msafara wake hapa mwaka 1871 alikaribishwa chakula na mapadri wa misheni ya Roho Mtakatifu, ambao walikuwa wamefika Bagamoyo 1868, na aliandika kwa mshangao kwamba alinyweshwa shampeni ya Cliquot. Akaondoka na chupa yake nyingine ya shampeni kwenye mizigo, ikatembea zaidi ya kilomita elfu moja mpaka Ujiji, ndo akaifungua na Livingstone siku waliyokutana. Sasa mimi kama mtu wa kubeba katoni naisoma hiyo habari kwa jicho langu, nawaza kuna mpagazi, jina lake halikuandikwa popote, aliyekuwa na ile chupa kichwani au begani miezi yote hiyo kwenye matope na homa, wapagazi walikuwa wanabeba kama kilo 32 kila mtu, na zaidi ya nusu ya uzito wa ile chupa aliyoibeba kilikuwa kioo. Baada ya kunywewa nadhani ikabaki Ujiji. Haikurudi.

Na za kwetu hazirudi pia, hapo ndo nilipotaka kufika. Watu wa Ulaya wakiandika chupa yetu inarejelezwa kwa asilimia mia wanaongelea kwao, ambako kuna pipa la kioo kila mtaa na gari linakuja kuchukua. Njoo uone hapa. Chupa ya soda na chupa ya bia hapa hazipotei, kreti moja tupu ndo tiketi ya kreti nyingine, ukivunja unalipa, na huo mfumo tumekuwa nao miaka na miaka bila kipeperushi wala nyuki. Chupa ya konyagi inakimbiliwa, ina kifuniko cha kuzungusha, wauza asali na mafuta ya nazi wanaigombania. Mvinyo wa kawaida wa kifuniko cha kuzungusha, hivyohivyo. Ila chupa ya shampeni hakuna anayeitaka! Mdomo wake haushiki kifuniko cha kuzungusha, kizibo kikitoka kinavimba hakirudi tena, na hata kama ungetaka kuirudisha kwa wenyewe ijazwe upya, kioo kilichokwaruzika hakiaminiki kwenye presha ya angahewa 6, kinaweza kumpasukia mtu usoni. Nimemuuliza mama mmoja wa pale Magomeni anayeuza asali, akaipokea mkononi, akaigeuza, akanirudishia. Baba, hii nzito, mteja ataona namwibia kwenye ujazo. Zinaishia kuchomekwa kichwa chini pembeni ya bustani za maua, ukipita hoteli za ufukweni utaziona zimejipanga, na bustani ikijaa zinaenda shimoni. Wazoa skrepa wanachukua bati, wanachukua chupa za plastiki, wanachukua mpaka waya na kile kibati kidogo cha juu ya kizibo, kioo wanaruka.

Siyo kwamba hakuna pa kupeleka. Kiwanda cha chupa kipo Dar es Salaam, Kioo Limited, na kama nilivyosema juu, vioo chakavu kwenye tanuru ni faida. Shida ni katikati. Kioo kina uzito na bei yake kwa kilo ni ndogo, kwa hiyo mtu akikodi gari kutoka hapa mpaka Dar, kilomita sabini hivi, mafuta yanamla faida yote. Pia lazima kitengwe kwa rangi maana kijani kikiingia kwenye tanuru la kioo cheupe kinaharibu mzigo mzima, na lazima kusiwe na mawe wala vyungu ndani, kipande cha sahani tu kinatosha kutia dosari chupa. Hoteli moja peke yake haina chupa za kutosha. Hoteli zote za ufukweni hapa zikikusanya pamoja zinazo, ila kukaa kikao cha hoteli zote ni mtihani mwingine, kila mmoja anaogopa mwenzake atajua anauza ngapi.

Halafu kuna swali la kwa nini tutoe mbali hivyo. Dodoma zabibu zipo, tena wanavuna mara mbili kwa mwaka, na mvinyo mwingine pale unatoka kwenye Chenin Blanc, zabibu ambayo Ufaransa kwenye bonde la Loire na Afrika Kusini wanaitengenezea mvinyo wa mapovu mzuri tu. Kitaalamu mapovu yanataka zabibu zenye ukali, na joto linashusha ukali, kwa hiyo ingebidi kuvuna mapema kabla sukari haijapanda. Kwa njia ya tangi na presha ndogo, kwenye chupa nyepesi ya kifuniko cha kuzungusha iliyotengenezwa Dar, sioni kinachoshindikana, wenye viwanda wanajua zaidi yangu. Afrika Kusini wao walianza 1971, Simonsig pale Stellenbosch ndo wa kwanza kutoa chupa kwa njia ya Champagne, leo ni biashara kubwa yenye jina lake, Cap Classique. Hiyo ya Afrika Kusini tunayo stoo, imekuja kwa safari fupi kuliko ya Ufaransa, ila chupa nimeipima na mzani wa jikoni, nzito vilevile, kwa hiyo kajani sijaipa.

Bosi nimempelekea karatasi moja. Nimependekeza tusiweke kajani kwa yeyote, badala yake menyu iandike uzito wa chupa tupu kwa gramu, mteja achague mwenyewe, maboksi ya zawadi tusiagize tena labda aliyelipia harusi aombe kwa maandishi, na chochote kilichokuja kwa ndege kisiingie. Akasema uzito wa chupa kwenye menyu ni kituko, wageni watadhani tunauza samaki. Maboksi amekubali nusu nusu. Kwa upande wa chupa tupu nimeongea na dereva wa fuso linaloleta saruji na nondo kwenye hadwea ya pale njia panda, maana linarudi Dar tupu kila wiki, anakubali kubeba viroba vya kioo cha kijani kwa hela ya chai, ila anataka viwe vimefungwa vizuri kisitoboe turubai lake na mtu wa kupokea awe anamsubiri Bunju, hataki kuingia mjini na vioo. Viroba nimeshapata, vya mchele vile vigumu. Mtu wa Bunju ndo bado, kama unamfahamu anayenunua kwa kilo niambie bei yake.